Maneno Yale Yale, Geti Lile Lile

Ovaroli ya mgodini haianzwi na maji ya moto. Likamateni hilo, ninyi mnaoingia kwenye kazi ya kufua siku hizi, mkiwa na mashine zinazozunguka zenyewe na kupiga kelele zikimaliza. Maji ya moto hulipika tope ndani ya uzi, na tope lililopikwa halitoki hata umwite mganga. Maji baridi kwanza. Iache nguo ilale humo, nenda kanywe uji, ukirudi utaikuta imelegea yenyewe. Grisi ndiyo inayotaka moto, na kabla ya moto inataka mafuta ya taa kwenye kitambaa, kidogo tu, usimwage kama mtu anayewasha jiko.

Nimefua mgodini, ukanda wa Geita, mpaka vidole vikaanza kukataa kufunga vifungo. Sasa nimerudi nyumbani Songwa, nakaa na wajukuu, na nguo zangu nafuliwa mimi. Mjukuu wangu mkubwa amepata kazi ya udobi kwenye kambi moja huko huko, akaniomba nimwandikie ninayoyajua. Nilianza kwa ajili yake. Lakini kadiri ninavyoandika naona kuna la kuwaambia wengine pia, hasa ninyi wenye elimu ambao siku moja mtashika kalamu kuandika habari za watu wanaofua.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuhura, mwanamke wa Ujiji. Alimfuata mume Geita, mume akafuata dhahabu kwingine na mke mwingine, yeye akabaki na karo lake la kufulia. Alikuwa na ulimi mkali na mkono mwepesi. Siku yangu ya kwanza alinitazama nikisugua kola ya shati la meneja, akaniuliza, "Wewe mtoto, unafua au unakuna nazi?" Nikalegeza mkono. Mpaka leo nikiona mtu anasugua kwa hasira, nasikia sauti ya Bi Zuhura.

Sheria yake kubwa ilikuwa mifuko. Hakuna nguo inayoingia majini kabla mifuko haijageuzwa nje, na haigeuzwi ukiwa peke yako. Lazima pawe na mwenzio anayeona. Kinachotoka kinawekwa kwenye kopo, mwenyewe atakuja kukichukua. Tuliona mengi kwenye kopo lile: funguo, muhogo ulioumwa nusu, jino la bandia, picha ya mwanamke ambaye sote tulijua si mke wa mwenye suruali. Kazi ya kufua inakufundisha siri za watu na inakufundisha kunyamaza, vyote kwa mshahara ule ule.

Mara moja niliisahau sheria. Nilikuta kitu kimeviringishwa kwenye ngozi, nikadhani uchafu, nikakitupa. Kumbe ni hirizi ya fundi wa kuchoronga miamba. Yule bwana alipoikosa aligoma kushuka shimoni, na bila yeye shifti nzima ilikaa juu. Bi Zuhura hakunigombeza mbele za watu. Alikata kipande cha ngozi kwenye kiatu kibovu, akatia ndani kokwa za ukwaju, akashona vizuri, akampelekea. "Ilikuwa imelowa, nikaikausha," alimwambia. Fundi akaibusu, akashuka, akapanda salama. Baadaye akaja kutushukuru, akasema tangu ifuliwe ina nguvu zaidi. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Sasa nieleze habari ya geti, maana bila geti hamtanielewa.

Nguo za wachimbaji hubeba vumbi la mwamba, na vumbi lile lina dhahabu ndani yake, hata kama ni chembe. Ndiyo maana hawakuruhusiwa kwenda kufulia nyumbani. Hata tope lililobaki chini ya makaro yetu lilikuwa mali ya mgodi. Lilichotwa na kurudishwa kwenye mtambo. Sisi wenyewe tulipotoka jioni tulipekuliwa kama mifuko ya ovaroli. Magauni yetu ya kazi hayakuwa na mfuko hata mmoja. Nywele zilifunguliwa, viatu vilikung'utwa, kisigino kilipapaswa. Na ndani ya uzio huinami kuokota kitu. Hata leso yako ikianguka, unasimama, unamwita mlinzi, yeye ndiye anakuokotea. Wageni walidhani tuna kiburi au tunaumwa mgongo. Bi Zuhura alikuwa akisema, "Humu ndani jiwe ni jiwe kwa anayeliangalia. Kwa anayelishika, ni kesi."

Karo la pembeni yangu lilikuwa la Mama Kulwa, Mzinza wa Buseresere, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Bi Zuhura alipofariki sisi wawili ndio tulibaki wakubwa. Mama Kulwa alikuwa anasomesha mapacha wake, Kulwa na Doto, kwa mikono ile. Hakuwa mtu wa maneno. Akisema jambo amelisema, harudii. Kwetu sisi tuliomzoea hilo lilikuwa sifa.

Basi akaja Nasrin.

Alikuja na ruhusa ya mkandarasi aliyetuajiri, kukaa nasi majuma kadhaa, afue tunachofua, ale tunachokula, kisha aandike kitabu juu ya wanawake wa kazi za chini. Nilimtambua kabla hajataja jina. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Shinyanga mjini, na kitenge changu cha harusi kilitoka kwenye kaunta ile. Tulimwita Mhindi, kama tulivyomwita baba yake, na yeye hakulipenda neno hilo.

"Mwangaluka, mayu!" alinisalimia kwa Kisukuma safi, kisha akaongeza shikamoo, akapiga na magoti kidogo. Nikacheka kwa furaha.

"Marahaba, mwanangu. Kisukuma umekitoa wapi?"

"Dukani. Wateja wa baba ndio walionilea. Mama, mimi si mgeni hapa. Nimezaliwa Shinyanga. Nitafanya kila mnachofanya, msinipunguzie."

Na kweli alifanya, lazima niseme haki yake. Sabuni ilimchubua vidole mpaka vikatoa maji, hakulalamika. Ni Mama Kulwa aliyempaka samli kila mchana na kumfunga kitambaa. Nasrin alikuwa mtu wa mzaha, anaimba vibaya, anatuchekesha. Nilimpenda, na bado nampenda. Haya ninayoyasema nayasema juu ya mtu ninayempenda.

Lakini angalieni nilichokiona.

Wachimbaji walipoleta nguo, sisi walitutupia kwenye beseni kutoka mbali, wakilenga kama wanacheza mpira. Wakifika kwa Nasrin walisimama. "Samahani dada, naomba unisaidie hii." Mpishi alipopakua, nyama ilijua njia ya sahani yake. Msimamizi, ambaye hajawahi kuuliza kama tuna miguu, alimletea kiti. Hata mimi, siku ya kwanza, nilijikuta nimefuta benchi kwa upande wa khanga yangu kabla hajakaa, na mkono ulifanya hivyo bila kuniuliza. Yeye hakuagiza hata kimoja. Mara mbili alikirudisha kile kiti, na mara mbili kikarudi. Jioni alikuwa akituambia, "Jamani, nilidhani wanaume wa mgodini ni wakali. Mbona wana adabu hivi?" Tulitazamana na Mama Kulwa, tukaendelea kusuuza.

Getini alikuwa wa kwanza kunyoosha mikono apekuliwe kama sisi. Yule mlinzi mwanamke alimgusa bega kwa ncha za vidole na kusema, "Pita dada." Nasrin akapita akiamini amepekuliwa.

Siku yake ya mwisho alituletea zawadi. Mimi nilipata kitenge. Mama Kulwa alipata kitenge pia, na juu yake, kwa sababu ya ile samli, Nasrin alitaka kumpa kitu cha moyoni. Chini ya kamba za kuanikia palipokuwa na kokoto nyingi, aliinama, akaokota moja jeupe lenye mstari wa njano. Aliinama mchana kweupe, na hakuna aliyepiga filimbi.

"Hili ni letu sisi wawili," alimwambia. "Kila ukiliona unikumbuke."

Nikasema, "Nasrin, mwanangu, jiwe hapana."

"Mama, ni kokoto tu! Hata mtoto anaona."

Mama Kulwa alilipokea kwa mikono miwili. Zawadi ya mtu anayeaga hairudishwi mkononi mwake, hivyo ndivyo tulivyolelewa. Alininong'oneza kwamba atalidondosha mtaroni tukielekea getini. Hakuwa na mfuko, akalifunga kwenye pindo la khanga. Lakini king'ora kilipolia Nasrin alimshika mkono, akatembea naye bega kwa bega njia nzima, akimweleza jinsi atakavyomkumbuka. Utaidondoshaje zawadi ya rafiki yako mbele ya macho yake? Upendo ndio uliomfikisha Mama Kulwa getini na jiwe kwenye pindo.

"Pita dada," mlinzi alisema. Nasrin akapita, akaenda kukaa kwenye gari la wafanyakazi.

Pindo la Mama Kulwa likaminywa. "Hiki nini?"

Walimwingiza kwenye chumba cha walinzi pembeni ya geti. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nikaingia bila kuitwa. Mkuu wa ulinzi alikuwa mtu wa makamo, mtu wa sala, mwenye watoto. Msimfikirie kama jini. Alilizungusha jiwe kwenye taa.

"Umelitoa wapi?"

"Nimepewa, afande. Amenipa Nasrin. Ni kokoto la kambani, halina kitu." Alisema hivyo, kwa sauti yake ile ya chini, bila kutetemeka.

Mkuu akacheka. "Mtu kama yule akupe wewe jiwe? La nini?"

Nikasema nimeona kwa macho yangu. Akanijibu, "Mnafundishana." Akamwambia mlinzi amvue kitambulisho, akaanza kumtafuta msimamizi kwa simu ya upepo. Wale waliowahi kukaa machimboni wanajua maana yake. Ukivuliwa kitambulisho kwa jiwe, hakuna kambi ukanda wote itakayokupa hata ndoo ya kudeki. Na kijijini hawasemi umepoteza kazi, wanasema umeiba. Mama Kulwa alikuwa anaangalia ukuta. Nilijua anawaona Kulwa na Doto wakirudishwa nyumbani na masanduku yao.

Nikakimbia kwenye gari. Nasrin aliposikia hakungoja nimalize. Alikuja mbio, mtandio ukaanguka njiani. Aliingia, hata hakusalimia.

"Nimempa mimi. Ni kokoto la kambani, halina kitu."

Mkuu wa ulinzi akasimama. Akavuta kiti. "Aa, dada, pole sana kwa usumbufu. Kumbe ndivyo." Kitambulisho kikarudi mezani. Jiwe akaliweka kwenye kiganja cha Nasrin, kwa mikono miwili, kama mali yake. Halafu akamgeukia Mama Kulwa. "Na wewe siku nyingine uwe unajieleza vizuri."

Nilitaka kupiga kelele. Mama Kulwa alivaa kitambulisho chake, akatoka.

Nje Nasrin alimkumbatia, analia na kucheka. "Mmeona? Ukweli ukisemwa unasikika!" Akampa tena lile jiwe, kwa kuwa sasa tulikuwa nje ya uzio. Mama Kulwa akalifunga palepale kwenye pindo.

Mwaka uliofuata Nasrin alitutafuta. Kitabu kilikuwa karibu kuchapwa, na alitaka tusikie yaliyotuhusu kabla hayajatoka. Wengi hawafanyi hivyo, nampa heshima yake. Tulikutana kwangu. Nilichemsha viazi, chai ikawekwa tangawizi, akasoma. Aliandika vizuri. Vidole vyetu vilikuwamo, uji wetu, hata wimbo wa marehemu Bi Zuhura ambao tulimwimbia Nasrin tukifua. Kisha akafika kwenye geti. Aliandika kwamba upekuzi ni wa haraka na wa heshima. Na juu ya jiwe akaandika kwamba kulitokea kutoelewana, yeye akaeleza kwa utulivu, wakaelewa. Na kwamba pale alijifunza kuwa hata mahali pa wasiwasi, ukweli ukisemwa kwa utulivu husikilizwa.

Mama Kulwa aliweka kikombe chini.

"Mimi nilisema nini pale?"

"Sijui, Mama Kulwa. Sikuwepo ulipoanza kuhojiwa."

"Nilisema, nimepewa, ni kokoto la kambani, halina kitu. Wewe ukaja ukasema yale yale. Mimi nilisema kwa utulivu. Wewe ulikuwa unahema."

Nasrin alitazama karatasi zake kama zimeandikwa na mtu mwingine.

"Mnataka kusema ni rangi yangu," alisema hatimaye, na sauti ikapanda. "Mimi! Mimi ambaye shuleni niliambiwa rudi kwenu. Nikienda sokoni mchicha unapanda bei nikiwa bado sijafika. Nimezaliwa hospitali ile ile mliyozaa ninyi, na bado mpaka leo mimi ni Mhindi. Na ninyi pia mnanibagua?"

Aliumia kweli, na alichosema ni kweli. Mimi mwenyewe nimemwita Mhindi mara ngapi bila kufikiri? Niliona nimjibu taratibu.

"Mwanangu, rangi hiyo hiyo inakupandishia mchicha sokoni na inakuvutia kiti mgodini. Ya sokoni umeandika sura nzima, kwa sababu inakuuma. Ya getini hukuiona kwa sababu haikukugusa hata kidogo. Mlango uliokwisha kufunguliwa nani anaukumbuka? Anayeukumbuka ni aliyebaki nje."

"Sikuomba wanifungulie."

"Hukuomba. Wala mimi sikukuomba uache kuandika ya sokoni. Ila ulisema utaishi kama sisi, na hukuishi kama sisi. Uliishi nasi. Hayo ni mawili."

Mama Kulwa aliongeza sentensi moja tu. "Buseresere wanajua nilikamatwa na jiwe. Kitabu chako wakikisoma watajua nilisaidiwa. Hawatajua kwamba nilisema kweli."

Nasrin aliondoka bila kumaliza chai. Nilidhani tumempoteza. Baada ya miezi alimpigia Mama Kulwa simu, akauliza jambo moja: maneno yake ya siku ile, neno kwa neno. Akaambiwa.

Nitakuwa mwongo nikisema kitabu chote kiligeuka. Yapo mengi humo ambayo ningeyaandika vingine. Lakini ile sura niliisoma kwa miwani ya mjukuu wangu. Ule mstari wa upekuzi wa heshima haukuwepo tena, badala yake aliandika, "Mimi sikuwahi kupekuliwa." Na kwenye jiwe, maneno ya Mama Kulwa yaliwekwa juu, na maneno ya Nasrin chini yake, yale yale, na kati yake hakutia maelezo. Halafu akaandika nani alivutiwa kiti.

Ninyi mtakaoandika, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Geuza mifuko yako kwanza, kabla hujagusa nguo ya mwenzio, na pawe na mwingine anayeona. Uliza waliopita mlango ule nyuma yako waliona nini. Na usidhani ukishafanya hivyo mara moja umemaliza, kwa maana hata wasomaji wako wana upofu huo huo. Mimi nililiona hilo siku ya uzinduzi.

Ulifanyika kwenye ukumbi mmoja Shinyanga. Mimi na Mama Kulwa tuliwekwa mstari wa mbele, tukatambulishwa kwa majina, tukapigiwa makofi, tukaletewa soda. Mama Kulwa alivaa kile kitenge cha zawadi. Nasrin akasoma sura ya geti, watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Kisha kijana mmoja nadhifu, mwandishi wa habari, akasimama na kumuuliza Nasrin, "Je, yule mama alijisikiaje pale getini?"

Yule mama alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwake.

Nasrin alifungua mdomo kujibu. Niliona jibu limeshafika kwenye ulimi, zuri, limepangwa. Akalimeza. "Yuko pale," alisema. "Muulize mwenyewe."

Kipaza sauti kikapita mikononi mwa watu mpaka kikamfikia Mama Kulwa. Alikishika kwa mikono miwili, akasimama. Ukumbi mzima ulilazimika kunyamaza ili kumsikia.

"Nilijiona sina mdomo," alisema. "Nilisema, nimepewa. Nikaona maneno yametoka, lakini hayakufika kwa mtu."

Akanyamaza kidogo, kama alivyozoea. Mshereheshaji, kijana mchangamfu mwenye tai nyekundu, akamsogelea akitabasamu na kunyoosha mkono kupokea kipaza sauti. "Ahsante sana mama yetu! Kwa hiyo ndugu zangu, anachotaka kusema mama hapa ni kwamba…"

Mama Kulwa hakuachia.

"Subiri, baba," alimwambia. "Sijamaliza."